Kutunga kampeni ya mpakani ya kubuni: anza na kisima, askari watafuata

Swali: "Shikamoo kaka. Mjomba kaniletea boksi mbili za askari wa plastiki toka Uingereza, wale wadogo wa 1/72, boksi moja wazungu wa zamani wenye kofia ngumu na jingine watu wa milimani wenye vilemba na bunduki ndefu. Mimi na mdogo wangu tunapigana mezani kila Jumapili, dadu tunazo, sheria tulizitoa mtandaoni tukazipunguza. Tatizo baada ya mechi nne tano imekuwa ileile, tunapanga, tunapigana, mmoja anashinda, tunarudisha kwenye boksi. Nataka nitunge kampeni nzima ya mpakani, yani mapigano mengi yanayofuatana kwenye hadithi moja, nchi ya kubuni kabisa. Nimeandika wafalme na majeshi yao kurasa sita ila nimekwama. Nianzie wapi?"

Marahaba mdogo wangu. Umekwama kwasababu umeanzia kwa wafalme. Waache kwanza, hata majeshi yaache, chukua karatasi ya manila na penseli ukae chini ujiulize kitu kimoja tu, kwenye hii nchi yangu maji yako wapi na ni ya nani? Mi nimeendesha kampeni za namna hii miaka mingi sasa, mezani kwangu na kwa marafiki, na zile zilizokufa njiani zote zilikuwa na historia ndefu ya falme na bendera nzuri, ila ukimuuliza mchezaji kwanini kikosi chako kiko hapa na sio pale hana jibu. Zilizodumu zilikuwa na visima.

Ngoja nikufafanulie kwa hesabu maana hii ndo roho ya jambo lenyewe. Chukua doria ya askari 10, haina mnyama wala gari, vitu vyote vinabebwa kichwani, kwahiyo tuseme ina wapagazi 10. Mpagazi mmoja anabeba kama kilo 25. Wote kumi wanabeba kilo 250. Sasa watu 20 kila mmoja anakula karibu kilo moja ya posho kwa siku, hiyo ni kilo 20 kwa siku, kwahiyo hata wasipobeba risasi wala hema wala kitu kingine, chakula kinaisha siku ya kumi na mbili, na usisahau wanatakiwa warudi, ina maana wanaenda siku sita tu halafu wageuke. Umeona? Mpagazi anakula mzigo wake mwenyewe. Haya njoo kwenye maji. Kwenye jua la nyika mtu anataka lita nne kwa siku, na hapo sijamuongezea ya kupikia. Watu 20 ni lita 80, yani kilo 80 kila siku. Wapagazi wako wote kumi wakibeba maji matupu wanafika siku tatu tu na hapo hamna hata punje ya unga. Maji hayabebeki mdogo wangu. Kwahiyo jeshi lako haliendi linapotaka, linaenda kisima hadi kisima, na mwenye kisima ndiye anayeamua vita vitapiganwa wapi.

Hii sijaitunga kichwani. Angalia mpaka wetu wenyewe na Kenya kwenye Vita vya Kwanza vya Dunia, mwaka 1914, upande wa Taveta. Wajerumani waliichukua Taveta Agosti ile ile vita vilipoanza, na kutoka Taveta mpaka reli kule Voi ni kama kilomita 110 za nyika kavu. Kwa mwendo wa mguu hizo ni siku tano au sita. Wajerumani wakawa wanatuma doria ndogondogo kwenda kulipua reli ya Mombasa-Nairobi, watu wachache na wapagazi, wanatembea usiku, na kiu iliwamaliza wengine kabla hata ya kuonana na adui. Waingereza nao ili waweze kusogea upande ule ilibidi wajenge reli kutoka Voi na walaze mabomba ya kuleta maji kutoka vilima vya Bura. Fikiria hilo, jeshi la dola kubwa vile linasogea kwa kasi ya fundi bomba. Ukiweka kitu kama hicho kwenye kampeni yako tayari una mwaka mzima wa kucheza, maana mmoja analaza bomba na mwingine anataka kulikata.

Sasa utaniuliza, kama historia ipo hivyo kwanini nisicheze hiyohiyo ya 1914? Unaweza, wengi wanacheza. Ila mi nakuunga mkono kwenye kubuni kwa sababu mbili. Ya kwanza ni ya mchezo, kwenye historia wote mnajua kilichotokea, mdogo wako atakataa kwenda kilima cha Salaita karibu na Taveta kwasababu amesoma kwamba Februari 1916 wazungu wa Afrika Kusini walipigwa pale, wakati kwenye nchi ya kubuni hajui kilima kipi kina bombomu, yani bunduki ya rashasha. Ya pili inanigusa zaidi. Vita vile viliua wapagazi wa Kiafrika makumi kwa makumi ya maelfu, wengi kwa kuhara na njaa na baridi, sio kwa risasi, na jina la kikosi chao, Carrier Corps, tunalitamka kila siku tukienda sokoni Kariakoo, au Kariokor kwa walio Nairobi, bila kuwakumbuka. Majimaji ya 1905 mpaka 1907 mi siichezi mezani kabisa. Kuna familia bado zinasimulia ile njaa. Nchi ya kubuni inakupa nafasi ya kufikiria mambo yaleyale bila kumgeuza babu wa mtu kuwa pointi.

Na usione kutunga nchi ni mambo ya kitoto. Ndugu wanne wa familia ya Brontë kule Uingereza, ile ya waandishi akina Charlotte na Emily, Juni 1826 baba yao alimletea kaka yao Branwell askari 12 wa mbao, na kutoka kwenye hao askari wakatunga nchi nzima na magazeti yake na siasa zake, wakaiweka pwani ya Afrika Magharibi, wakaendelea kuiandika miaka na miaka. Stevenson naye, yule mwandishi wa Treasure Island, alipokuwa anauguza mapafu huko Davos, Uswisi, kipupwe cha 1881 kwenda 1882, alichora ramani kwa chaki za rangi kwenye sakafu ya darini, ina milima, mito, madaraja, na barabara za daraja mbili, akawa anapigana na mtoto wake wa kambo kwa wiki kadhaa. Barabara za daraja mbili! Mtu mzima mgonjwa alikaa akafikiria mzigo utapita barabara gani. Huyo ndo mwenzetu.

Haya, ramani. Igawe kwa mwendo wa siku, achana na kilomita. Chora pembesita au miraba, yoyote sawa, kila kimoja ni siku moja ya kutembea, tuseme kilomita 20. Nchi ya vyumba nane kwa kumi inatosha kabisa kwa wachezaji wawili, ukifanya kubwa zaidi mtatafutana wiki nne bila kuonana. Weka mto mmoja wa kudumu pembeni, sio katikati. Weka vilima vyenye chemchemi. Halafu kwenye nyika yote iliyobaki weka visima saba au nane tu, na uamue kila kimoja kinatosha watu wangapi: hiki cha watu 30, hiki cha 100, hiki kikitumiwa siku mbili mfululizo kinakauka wiki. Majina yatoe kwenye kitu kinachoonekana, ndivyo watu wanavyoita mahali kweli: Mbuyu Mmoja, Penye Fisi, Lango la Mchwa, Kwa Chumvi. Jina kama hilo mdogo wako atalikumbuka mwaka mzima, ila ukimpa majina ya kujikunja ulimi kama ya kwenye sinema za mazimwi atasema "kile kisima cha kulia".

Tukifika hapa ndo penye uzito zaidi na watu wengi wanaparuka. Hivi visima vina wenyewe. Mpaka hauko mtupu. Mtu anachora mstari kati ya dola mbili, katikati anaacha nyeupe, kama vile hakuna mtu anaishi pale, wakati kwa yule anayeishi pale hapo ni nyumbani na nyie wawili ndo wageni wenye fujo. Hao wenye vilemba ulioletewa, kwa ulivyowaeleza nadhani ni Wapashtuni wa mpaka wa kaskazini magharibi wa India ya Waingereza, leo ni mpaka wa Pakistan na Afghanistan. Sasa kule Khyber, njia inayopita katikati ya milima, Waingereza walikuwa wanawalipa Waafridi, wenyeji wa ile njia, pesa kila mwaka ili njia ibaki wazi, na walinzi wa ngome za njiani walikuwa vijana wa Kiafridi haohao, kikosi kikiitwa Khyber Rifles. Agosti 1897 maelewano yakavunjika, ngome zikaanguka moja baada ya nyingine mpaka Landi Kotal, vijana walio ndani wakajikuta wanapigwa na ndugu zao walio nje. Oktoba likatumwa jeshi la zaidi ya watu 30,000 kuingia Tirah, milimani kwa Waafridi. Yote hiyo imeanza kwa wenyeji kuona kwamba mapatano hayana maana tena. Mtu akisoma kwa haraka anaona vita vya wazungu na "makabila", ukikaa vizuri unaona biashara ya njia, ushuru, heshima, na swali la nani anamlinda nani.

Kwahiyo kabla ya majeshi, tunga jamii tatu. Wafugaji wanaohama kufuata maji, hao ndo wanajua visima vyote hata vile ambavyo hujavichora kwenye ramani ya wachezaji. Wakulima wa vilimani wenye mtama na mahindi, hao ndo posho yako. Na watu wa misafara, wafanyabiashara wanaopita pande zote na wana habari za pande zote. Kila jamii ipe namba ya uelewano na kila dola, kutoka 1 hadi 6, mwanzo wote wako 3. Ukilipa chakula ulichochukua inapanda, ukichukua bure inashuka, ukinywesha kikosi kisimani bila ruhusa inashuka, ukiwalinda wasiporwe ng'ombe inapanda. Ikifika 5 wanakuonyesha visima na wanakupa wapagazi. Ikishuka hadi 1 wapagazi wanatoweka usiku, na unaamka asubuhi una mizigo mia na mabega kumi. Rahisi hivyo, hauhitaji kurasa za sheria.

Nilijifunza hili kwa gharama. Kampeni yangu ya kwanza wenyeji niliwaendesha kwa dadu tu na hawakuwa na uzito wowote. Ya pili nikampa rafiki mmoja awe mchezaji wa tatu, hana jeshi, ana bunduki chache za kizamani na ng'ombe na visima, nikamwambia ushindi wako ni kubaki na mifugo nusu masika ikifika. Yule bwana hakupigana hata vita kimoja. Alifukia visima viwili, akamuuzia mmoja nafaka na mwingine habari, akavumisha kwamba kikosi kikubwa kinakuja kutoka kusini, na majeshi mawili yakazungukana nyikani wiki tano mpaka yakachoka. Ndo kampeni ambayo mpaka leo tukikutana tunaisimulia. Kama una dada au jirani anayependa mambo ya akili zaidi kuliko kurusha dadu, mpe hiyo nafasi usisite.

Halafu refa. Jamaa wa jeshi la Prussia, kwenye mchezo wao wa vita wa 1824, kila upande haukuona vikosi vya mwenzake, amri zinaandikwa anapewa refa, refa ndo anasema umeona nini. Nyie mna WhatsApp, imekuwa rahisi zaidi. Katikati ya wiki kila mmoja anamtumia refa amri zake, na refa anachelewesha ujumbe kulingana na umbali, kikosi kilicho mbali siku tatu hakipati amri leo. Hiyo peke yake itakuletea mikasa ambayo hungeweza kuitunga, kikosi kinaenda kusaidia boma ambalo limeshaungua juzi. Kama refa hamna basi fungeni amri kwenye bahasha, mfungue pamoja Jumapili, inafanya kazi ila raha yake inapungua.

Karata za matukio tengeneza, kama 20 hivi, unachomoa moja kila wiki ya mchezo. Hapa tumia historia bila aibu. Nyuki lazima wawepo, maana Tanga Novemba 1914 nyuki waliwavamia wapiganaji pande zote mbili katikati ya mapigano na watu wakatimua mbio. Mbung'o wawepo, 1916 walimaliza farasi wa wapandafarasi wa Afrika Kusini mpaka wakawa wanatembea kwa mguu kama wengine. Sotoka iwepo, ng'ombe wakifa wafugaji wanahama na kila mapatano yanaanza upya. Funza vidoleni, weka, kikosi kinapunguza mwendo nusu. Mvua ya mapema. Mhunzi kakimbia na vipuri. Nusu ya karata ziwe za mambo ya kawaida tu, soko limejaa, harusi kilimani, ili wachezaji wasizoee kwamba kila wiki kuna balaa.

Mapigano yenyewe mnayajua tayari kwahiyo sina mengi. Uzuri wa kampeni ya mpakani ni kwamba mapambano ni madogo, kwahiyo kijisanamu kimoja kiwe mtu mmoja, boksi zako mbili zinatosha kabisa, usishawishike kununua mia mbili. Askari wa 1/72 ana urefu wa kama sentimita mbili na nusu, meza ya kulia chakula kwake ni uwanja mpana sana. Kokoto ziwe majabali, sponji ya kuoshea vyombo ikikatwakatwa na kupakwa rangi ni vichaka vizuri sana, mchanga uliochekechwa juu ya gundi nyeupe ya mbao unakupa ardhi. La kuongeza ni moja, vita vya mezani visiishie mezani. Mwisho wa pambano kila aliyeanguka mrushie dadu, 1 au 2 amekufa, 3 au 4 yuko kwenye machela wiki mbili, 5 au 6 alijificha tu karudi. Aliye kwenye machela anataka wapagazi wawili wa kumbeba, au wanne kwa zamu kama safari ni ndefu. Sasa fikiria umeshinda pambano siku tatu kutoka kisimani na una majeruhi watano. Hapo mshindi anaanza kukuna kichwa na ndipo kampeni inapokuwa kampeni.

Andika yote kwenye kaunta buku. Kila askari mpe jina na alikotoka, mstari mmoja tu, na ukurasa wa kila kisima: nani kapita lini, kalipa au hakulipa. Baada ya miezi miwili hilo daftari litakuwa ndo historia ya nchi yako, na zile kurasa sita za wafalme ulizoandika utaziona hazina kazi, au utajua mfalme yupi hasa unamhitaji: yule anayetuma barua kali kutoka mji mkuu akiuliza kwanini bomba halijafika.

Kuhusu mwisho, panga mapema. Mpe kila upande kitu kinachopimika na kisifanane, mmoja afikishe msafara wa chumvi mara tatu, mwingine ashike visima vitano kwa pamoja, wenyeji wabaki na mifugo yao. Na muda uishe kwa mvua. Anza Januari ya nchi yako, kila Jumapili ni wiki moja, masika yakianza mwishoni mwa Machi njia zinageuka tope na kila mtu anabaki alipo. Hata Smuts, jenerali wa upande wa Waingereza, mwaka 1916, pamoja na jeshi lake lote, baada ya mapigano ya Kahe mvua zilimsimamisha. Kwahiyo mna Jumapili kumi na mbili.

Jumapili hii msipigane. Chora ramani, kaa na mdogo wako mtaje visima, mtunge zile jamii tatu. Halafu kabla ya kulala toa kwenye boksi wale askari waliovunjika bunduki au waliotoka kiwandani wamepinda, najua wapo, na watano sita ambao huwapendi. Kata kile kipande cha bunduki kilichobaki, kata na kofia ukiweza, wabandike kipande cha kijiti cha kibiriti au ushanga mkubwa kichwani kwa supaglu, na kitambaa kiunoni utakichora kwa rangi. Hao ni wapagazi. Unahitaji wasiopungua kumi. Wapake rangi kwa uangalifu uleule unaowapakia maafisa wako, na majina yao yaanze kuandikwa ukurasa wa kwanza.